Tairi kwanza, picha baadaye: historia ya gemu za uigaji wa mbio za magari

Historia ya gemu za mbio za magari husimuliwa mara nyingi kwa kupanga picha kuanzia mbaya hadi nzuri: kwanza vijiboksi vyeupe kwenye kioo cheusi, kisha magari ya rangi, kisha vivuli, mvua na miale ya jua juu ya boneti. Mpangilio huo unapendeza macho, lakini hauelezi kwa nini gemu iliyotolewa mwaka 1998 bado inawatoa jasho wachezaji waliozoea gemu za juzi, wala kwa nini kijana wa Kampala anayemshinda kila mtu kwenye PlayStation ya kibandani anaweza kushindwa kuimaliza kona ya kwanza akiwekewa programu ya uigaji wa kweli, yaani inayojaribu kuiga tabia ya gari halisi. Ili kuyaelewa hayo inabidi kuiweka picha kando na kufuatilia kitu kimoja, yaani tairi: ni nani aliyejaribu kukokotoa jinsi linavyoshika barabara, alitumia mashine gani, na hesabu yake ilikuwa ya kweli kiasi gani.

Mwanzoni hesabu hiyo haikuwepo kabisa. Gran Trak 10, iliyotolewa na Atari mwaka 1974, ilikuwa na usukani, pedeli na mkono wa gia, lakini ndani yake hapakuwa na prosesa, bali saketi zilizounganishwa kukisukuma kigari kwenye uwanja uliotazamwa kutoka juu. Miaka miwili baadaye Night Driver ilimkalisha mchezaji mahali pa dereva, na haikuwa bahati kwamba safari yenyewe ilikuwa ya usiku, kwani giza liliwapunguzia watengenezaji kazi ya kuchora kitu chochote zaidi ya vigingi vyeupe vya kando ya barabara. Pole Position ya Namco, ya mwaka 1982, ilileta uwanja uliopo kweli, ule wa Fuji nchini Japani, pamoja na mzunguko wa kufuzu kabla ya mbio. Hata hivyo, katika gemu za aina hiyo gari halikukata kona. Barabara ndiyo iliyopindishwa kwenye kioo, mstari kwa mstari, huku gari likisukumwa kuelekea nje kulingana na kasi, na mchezaji akijitahidi kulirudisha katikati. Sioni sababu ya kuzidharau, kwa kuwa mashine hizo zilitengenezwa ili zimeze sarafu kila baada ya dakika chache, na kazi hiyo zilifanya vizuri mno.

Gari la kweli hugusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na chochote anachotaka dereva, iwe ni kuongeza mwendo, kufunga breki au kukata kona, lazima kipitie hapo. Dereva anapozungusha usukani, mpira wa tairi hujipinda kabla gari halijafuata, hivyo kwa muda tairi linaelekea upande mmoja huku likisafiri kuelekea upande mwingine kidogo. Pembe hiyo, ambayo kwenye lami huwa ya nyuzi chache tu, ndiyo inayozaa nguvu ya kulipeleka gari ndani ya kona. Pembe ikikua, nguvu nayo inakua. Ikivuka kiwango fulani, nguvu inaanza kupungua, na hapo ndipo gari linapoteleza. Zaidi ya hayo, mshiko wa tairi ni mmoja na hugawanywa, maana sehemu inayotumika kufunga breki haiwezi wakati huohuo kutumika kukata kona.

Jambo la tatu ndilo linalowachanganya wengi. Uzito wa gari hauketi mahali pamoja: ukifunga breki unahamia mbele, ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, na kwenye kona unaegemea matairi ya nje. Tairi lililobebeshwa uzito maradufu hushika zaidi, lakini halishiki maradufu, kwa hiyo kila uzito unapohama gari zima hupoteza kitu. Dereva wa taksi anayeshuka kona za milima ya Kabale na abiria kumi na wanne anayajua haya yote mwilini mwake hata kama hajawahi kuyaona yameandikwa. Kazi ya gemu ya uigaji ni kuyaandika kwa namba, kisha kuyakokotoa upya mara nyingi kila sekunde, kwa kila tairi peke yake.

Mmoja wa waliolijaribu hilo mapema alikuwa Mwingereza Geoff Crammond, aliyekuwa amesomea fizikia na kufanya kazi ya uhandisi kabla ya kugeukia gemu. Katikati ya miaka ya 1980 alitoa Revs kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, ambayo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 na prosesa ya megahezi 2. Gari lilikuwa la Formula 3, daraja la chini ya Formula One, uwanja ulikuwa Silverstone nchini Uingereza, na miongoni mwa waliomsaidia kuelewa tabia ya gari hilo alikuwa David Hunt, dereva wa Formula 3 na mdogo wake James Hunt aliyekuwa bingwa wa dunia. Anayeiona leo ataona mistari na rangi chache tu. Lakini barabara ya Revs ilikuwa na miinuko na miteremko, na mchezaji aliyeingia kwenye kona kwa pupa alijikuta akizunguka kama pia, kwa sababu hesabu iliyokuwa chini ya picha ilimkatalia.

Mwaka 1989 ulileta kazi mbili zilizofanya swali la tairi lisiweze tena kukwepwa. Hard Drivin' ya Atari Games, mashine ya kulipia kwa sarafu, ilikuwa na klachi, ufunguo wa kuwashia gari na usukani uliosukumana na mikono ya dereva kulingana na nguvu zinazofika kwenye magurudumu ya mbele. Na katika kuunda mfano wa gari lake alishirikishwa Doug Milliken, mtaalamu wa mienendo ya magari. Nchini Marekani, David Kaemmer na Omar Khudari wa kampuni ya Papyrus walitoa Indianapolis 500: The Simulation, yenye magari 33 uwanjani kama katika mbio zenyewe. Humo mchezaji aliweza kubadili mabawa (yanayolikandamiza gari chini kwa upepo), msukumo wa upepo wa matairi na kiasi cha mafuta, halafu akarudi gereji kusoma joto la kila tairi na kupata dalili ya alichokosea. Kwa maoni yangu hapo ndipo uigaji ulipoachana rasmi na mashine za sarafu, kwa sababu mchezaji alianza kufanya kazi ya fundi na si ya dereva peke yake.

Crammond alirudi mwaka 1991 na Formula One Grand Prix, ambayo ilikuwa na viwanja vyote 16 vya msimu huo. Ubunifu wake uliodumu zaidi ulikuwa orodha fupi ya misaada: breki za kujiendesha, gia za kujibadilisha, mstari wa kuonyesha njia bora na mingineyo, kila mmoja ukizimwa na kuwashwa peke yake. Kwa njia hiyo gemu moja iliweza kumbeba anayeanza na anayejua, bila ya hesabu ya ndani kulegezwa kwa ajili ya yeyote. Takriban kila gemu ya uigaji iliyofuata imeiga mpango huo.

Kisha ikaja Grand Prix Legends ya Papyrus, mwaka 1998, ambayo ilirudi nyuma kwa makusudi hadi msimu wa 1967. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa na maana ya kiufundi. Magari yalikuwa na injini zenye nguvu nyingi na matairi membamba, na mabawa ya kuyakandamiza chini yalikuwa hayajaanza kutumika. Yaliingia mwaka uliofuata. Kwa hiyo hapakuwa na upepo wa kumsaidia dereva, na kila kitu kilibaki kati ya uzito na mpira. Tuchukue mchezaji anayeingia kwenye kona ndefu ya kulia akiwa na mwendo unaozidi kidogo. Silika inamwambia aachie mafuta. Akiyaachia ghafla, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia wa gari unaanza kumpita. Akiogopa zaidi na kukanyaga breki, amemaliza. Dawa ni kurudisha usukani upande wa pili na kukanyaga mafuta kidogo, kiasi cha kuurudisha uzito nyuma bila kuyafanya magurudumu yazunguke bure. Jambo ambalo mguu wa mtu aliyezoea gemu za sarafu hukataa kabisa kulitii. Wengi walikata tamaa. Gemu haikuuzika vizuri, kwa ugumu wake na kwa sababu ilidai kompyuta ambayo watu wengi hawakuwa nayo, lakini waliobaki waliitengenezea viwanja na magari mapya kwa miaka mingi.

Hesabu za tairi zenyewe zilitoka wapi? Nyingi zinaanzia katika utafiti wa magari ya kawaida. Mwaka 1987 Mholanzi Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, pamoja na Egbert Bakker na Lars Nyborg, walichapisha fomula inayofahamika sana katika fani hiyo, ambayo haielezi mpira unafanya nini ndani yake, bali inachora mkunjo unaolingana na vipimo vya maabara: weka namba kadhaa zilizopatikana kwa kulipima tairi, nawe utapata nguvu kwa kila pembe na kila uzito. Ni nyepesi kwa kompyuta, na ndiyo sababu fomula hiyo na jamaa zake zimetumika katika gemu nyingi. Udhaifu wake ni kwamba inajua tu kile kilichopimwa. Gari likishateleza kwa pembe kubwa, au likienda polepole mno, au tairi likichemka kupita kiasi, fomula inaanza kubahatisha, na mchezaji mzoefu hulihisi hilo mara moja kwenye usukani. Njia nyingine ni kujaribu kulijenga tairi kuanzia mpira wenyewe, pamoja na joto na msuguano wake. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Kaemmer katika iRacing, kampuni aliyoianzisha na John Henry mwaka 2004 baada ya Papyrus kufungwa, na ambayo ilifungua milango kwa umma mwaka 2008.

Kuna pia suala la muda, ambalo wanunuzi wa kompyuta hawaambiwi dukani. Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde kwenye kioo cha kawaida. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husafiri mita 55 na ushei kila sekunde, kwa hiyo hesabu ikifuata mwendo wa picha, gari litaruka karibu mita nzima kati ya hesabu moja na inayofuata, na tuta dogo la barabarani litapita bila kuonekana. Ndiyo maana gemu za uigaji hukokotoa fizikia haraka kuliko picha. iRacing hufanya hivyo mara 360 kwa sekunde, na hapo mruko wa gari letu unashuka hadi sentimita 15 hivi. Kwa sababu hiyo prosesa dhaifu huiharibu gemu ya uigaji hata kama kadi ya picha ni ya bei mbaya.

Sitakaa sana kwenye Gran Turismo, iliyoanza Japani mwezi Desemba 1997 chini ya Kazunori Yamauchi, ingawa ndiyo iliyowafundisha mamilioni ya watu kwamba gari la kawaida la mtaani linaweza kuwa na tabia yake. Hata hapa kwetu Uganda, ambako magari mengi barabarani ni ya Japani yaliyotumika, mtoto aliweza kulikuta kwenye kioo gari la aina ileile ya lile aliloliona limeegeshwa kwa jirani. Uigaji wake ulikuwa wa kati: wa kweli zaidi ya mashine za sarafu, mpole zaidi ya Papyrus. Kutoka kwake, hata hivyo, ndiko kulikopatikana ushahidi ambao wapinzani wa gemu hawakuutegemea. Mwaka 2008 Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy ili kuwachukua wachezaji bora na kuwafunza mbio za kweli. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alishika nafasi ya pili katika LMP2, daraja la pili la magari yaliyoundwa kwa mbio tu, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa mwaka 2011. Kinachohama kutoka kwenye kioo hadi barabarani ni mambo kama njia ya kupita, mahali pa kufunga breki na nidhamu ya macho. Hofu haihami, wala ile nguvu inayomkandamiza dereva kitini na kumvuta shingo kwenye kila kona.

Tawi lingine lilikua kwa kuwaachia wachezaji ufunguo wa jikoni. rFactor ya mwaka 2005 iliwaruhusu kuongeza magari na viwanja walivyotengeneza wenyewe, na Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni, iliyokamilika mwaka 2014, iliendeleza desturi hiyo pamoja na viwanja vilivyopimwa kwa leza. Upimaji wa leza ulibadilisha mengi kuliko unavyosikika. Kifaa hurusha miale na kurekodi mamilioni ya pointi za uso wa barabara, hivyo kila bonde dogo la lami ya uwanja halisi linaingia kwenye hesabu, na dereva wa kweli anayeujua uwanja huo huyatambua mabonde yake kwa mikono. Mwezi Machi 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya dunia, NASCAR, waandaaji wa mbio za magari wa Marekani, waliweza kuwahamishia madereva wao kwenye iRacing na kuonyesha mbio hizo kwenye televisheni, na mwezi Juni saa 24 za Le Mans zikafanyika kwa rFactor 2.

Kwa anayekaa Uganda, mbio za mtandaoni zina fizikia nyingine juu ya ile ya tairi. Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 intaneti yetu imekuwa ya kasi ya kuridhisha, lakini kasi ya kupakua faili na muda wa kufika kwa ujumbe ni vitu viwili tofauti. Tuseme ujumbe kati ya Kampala na seva iliyoko Ulaya unachelewa milisekunde 150. Gari la mpinzani linalokwenda kilomita 200 kwa saa litakuwa limesogea zaidi ya mita 8 kabla ya habari zake kukufikia, yaani karibu urefu wa magari mawili. Programu hulificha pengo hilo kwa kukisia: inachukua mwendo na mwelekeo wa mwisho iliyoujua na kulichora gari mahali linapopaswa kuwa sasa. Mpinzani akifunga breki ghafla, makisio yanavunjika, na ndiyo sababu magari mawili yanaweza kugongana kwenye kioo chako na yasigusane kwenye kioo chake. Adabu ya kuacha nafasi ina thamani zaidi huku kwetu kuliko kwa mtu anayekaa jirani na seva. iRacing huhesabu makosa ya kila dereva na kumpandisha au kumshusha leseni kwa mujibu wake. Na yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya mbio, mfumo hauulizi sababu.

Gharama nazo haziwezi kukwepwa. iRacing hulipiwa ada, na magari na viwanja vingi hununuliwa kimoja kimoja. Usukani mpya wenye injini ya kusukumana na mikono una bei ya kumfanya mtu afikirie bodaboda kwanza. Lakini kiti na fremu ya kuufungia si lazima viagizwe nje: fundi wa kuchomelea wa Katwe, Kampala, akipewa vipimo na kiti cha gari bovu atatengeneza kitu kigumu kuliko vingi vinavyouzwa. Na kwa kuwa ubora wa uigaji haukai kwenye picha, kompyuta ya zamani inayoshindwa kabisa na gemu za leo inaweza kuendesha Grand Prix Legends au Richard Burns Rally bila kutokwa jasho.

Richard Burns Rally ndiyo inayotuhusu zaidi, maana mbio za Afrika Mashariki hazijakulia kwenye viwanja vya lami. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda mara tano. Charles Muhangi wa hapa nyumbani alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Burns mwenyewe, dereva wa rali Mwingereza, alishinda Safari mwaka 1998 na 2000 kabla ya kuwa bingwa wa dunia mwaka 2001, na gemu yenye jina lake ilitoka mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilianza na shule ya udereva ambayo wachezaji wengi walidhani ni mapambo, hadi walipoanguka mtaroni. Jumuiya za wachezaji, hasa za Ulaya, zimeendelea kuirekebisha fizikia yake na kuiongezea barabara mpya hadi leo.

Udongo ni mgumu kuigwa kwa sababu zile hesabu za tairi nilizozieleza zimejengwa juu ya uso mgumu usiobadilika. Kwenye murram, yaani barabara ya udongo wenye changarawe, tairi linaloteleza kwa ubavu huchimba na kusukuma lundo la changarawe mbele yake, na lundo hilo linakuwa ukuta wa kuegemea; kwa hiyo nguvu inaweza kuendelea kukua kwenye pembe ambayo juu ya lami ingekuwa imeshapotea. Ndiyo sababu dereva wa rali hulilaza gari ubavu kabla ya kona, na ndiyo sababu gurudumu lililofungwa kabisa linaweza kusimama mapema kwenye changarawe kuliko linaloendelea kuzunguka. Barabara yenyewe pia haisubiri. Gari la kwanza hufagia kokoto za juu na kuteseka. La kumi hupita kwenye njia iliyosafishwa. La hamsini hukuta makorongo. DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019 ilijaribu kuigiza kuharibika huko, na WRC 9 ya mwaka 2020 iliwapa wachezaji Safari ya Kenya mwaka uleule ambao Safari yenyewe ilifutwa kwa korona. Mvua ya dakika kumi juu ya udongo mwekundu, inayogeuza uso wa juu kuwa sabuni huku chini kukibaki kukavu, bado ni mtihani mgumu kwa programu yoyote.

Anayetaka kuiweka barabara ya Uganda ndani ya Richard Burns Rally au Assetto Corsa ana mahali pa kuanzia, kwa kuwa data ya miinuko iliyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000 inapatikana bure. Tatizo ni kwamba data hiyo ina pointi moja kila mita 30 hivi. Inatosha kuchora kilima na bonde, lakini kati ya pointi mbili kunapotea tuta, kalvati, korongo na ule mwinamo wa ndani ya kona unaoamua kama gari litakaa barabarani au litaingia kwenye migomba. Hayo yanabaki kupimwa kwa miguu, kwa simu yenye GPS, kamera na futi ya kamba, mita kwa mita, na ikiwezekana mara mbili: mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine mvua zikishaanza.